Wachezaji wa India na Pakistan kunyimana mikono: ni amri ya wakubwa au ni mioyo yao?

MtoWaRuvu (Dar es Salaam), 29 Septemba 2025

Wakuu, salaam.

Jana fainali ya Kombe la Asia la kriketi imeisha pale Dubai. Pakistan mikimbio 146 wote nje, India 150 kwa wiketi 5 (yaani watano wametolewa) ikiwa imebaki mipira miwili tu. Tilak Varma kasimama na 69 zake bila kutolewa. Mechi nzuri mno. Lakini leo hakuna anayeizungumzia.

Kinachozungumzwa ni kombe. India wamekataa kulipokea kutoka kwa Mohsin Naqvi. Huyu bwana ni rais wa baraza la kriketi la Asia, ni mwenyekiti wa bodi ya kriketi ya Pakistan, na papo hapo ni waziri wa mambo ya ndani wa Pakistan. Watu wamesubiri zaidi ya saa nzima, kombe likaondolewa, vijana wakapanda jukwaani wakashangilia wakiwa wameinua mikono mitupu kana kwamba wamelishika.

Timu hizi zimekutana mara tatu, tarehe 14, 21 na 28, na mara zote tatu hakuna aliyempa mwenzake mkono. Ile ya tarehe 14 ndiyo iliyoniuma zaidi. Suryakumar Yadav, nahodha wa India, kapiga sita (pigo la mikimbio sita) ya ushindi siku yake ya kuzaliwa, kageuka na Shivam Dube wakaenda zao moja kwa moja. Wapakistani wamebaki uwanjani wanasubiri, kisha mlango wa chumba cha India ukafungwa.

Naamini ile ni amri kutoka juu. Hawa vijana wengine wamekua wakitazamana kwenye mashindano tangu chini ya miaka 19. Mtu hawezi kuamka asubuhi akaamua na wenzake kumi bila mmoja kwenda kinyume. Nani aliwaambia? Na je, ni haki kumbebesha mchezaji vita ya serikali?

---

Kidagaa_wa_Kirumba (Mwanza), 29 Septemba

Mkuu umeanzia katikati. Anza na Pahalgam, Kashmir, tarehe 22 Aprili. Watu 26 waliuawa kwa risasi, wengi wao watalii, wengine mbele ya wake zao. Tarehe 7 Mei India ikashambulia ndani ya Pakistan, wakapigana siku nne, tarehe 10 wakasitisha. Kutoka Mei hadi Septemba ni miezi minne. Makaburi bado mabichi pande zote mbili.

Na usisahau baadhi ya wafiwa wa Pahalgam walijitokeza hadharani kutaka watu wasiiangalie kabisa ile mechi ya kwanza. Sasa wewe ni nahodha wa India, mjane anakuambia usicheze, bodi inakuambia cheza. Utafanya nini? Utacheza, halafu hutampa mtu mkono. Sioni amri hapo, naona mtu aliyebanwa na watu wake mwenyewe. Yeye mwenyewe alisema ushindi ni wa majeshi yao, na kwamba kuna mambo yaliyo juu ya uanamichezo.

---

Ova_ya_Mwisho (Nairobi), 29 Septemba

Kidagaa, nakupa heshima yako lakini hapo kuna shimo. Juni 1999 Wahindi na Wapakistani walikuwa wanauana Kargil, Kashmir, vita yenyewe ikiendelea. Tarehe 8 mwezi huo India na Pakistan wakacheza Kombe la Dunia pale Old Trafford, Manchester. Venkatesh Prasad akachukua wiketi 5 kwa mikimbio 27, India wakashinda, na baada ya mechi wakapeana mikono. Wanajeshi walikuwa wanakufa wiki hiyohiyo.

Kwa hiyo si uchungu peke yake. Kuna kitu kimebadilika kati ya 1999 na leo. Mimi nasema ni simu mkononi. 1999 ukimpa mtu mkono, picha inakaa gazetini siku moja. Leo ukimpa mkono, kabla hujafika hotelini umeshaitwa msaliti na watu milioni.

---

MtoWaRuvu, 29 Septemba

Hapo kwenye simu umenigusa. Lakini bado hujanijibu: kumi na moja kwa pamoja?

---

Mzee_Kilindoni (Mafia), 30 Septemba

Wanangu, kriketi ulikuwa mchezo wa waungwana. Haya mambo ya siasa uwanjani yameanza juzi tu kwa hawa vijana. Zamani hayakuwepo.

---

Ova_ya_Mwisho, 30 Septemba

Shikamoo mzee wangu. Yalikuwepo, na makubwa kuliko haya.

Tarehe 10 Februari 2003, Harare, Kombe la Dunia, Zimbabwe na Namibia. Andy Flower na Henry Olonga waliingia uwanjani na utepe mweusi mkononi. Mzungu mmoja, mweusi mmoja. Waligawa taarifa kwamba wanaomboleza kifo cha demokrasia katika Zimbabwe yao waipendayo. Na walifanya hivyo nyumbani kwao, Mugabe akiwa madarakani. Hawakuwa wanampiga jirani vijembe, waliisema serikali yao wenyewe. Olonga alipokea vitisho, ikabidi aikimbie nchi, na hakuichezea tena Zimbabwe baada ya mashindano yale. Baba yake ni Mkenya, kwa hiyo sisi huku tulimfuatilia kama wetu.

Mashindano hayohayo New Zealand walikataa kuja Nairobi kwa hofu ya usalama, na England wakakataa kwenda Harare. Sisi tulipata pointi za bure, halafu Collins Obuya akawachukulia Sri Lanka wiketi 5 kwa 24 hapa nyumbani, na tukafika nusu fainali. Nilikuwa uwanjani siku ile. Watu wa Parklands na watu wa Kawangware wamekumbatiana, hakuna anayeuliza kabila la mtu.

---

Kidagaa_wa_Kirumba, 30 Septemba

Mkenya akishaanza 2003 hapo tumeisha, leteni chai 😂

---

Nyuzi_za_Dole (Zanzibar), 30 Septemba

Marahaba kwa wote. Mzee Kilindoni, niongeze kwa Ova.

Moeen Ali wa England, Julai 2014, Southampton, wakicheza na India. Alivaa vikuku vya mkononi vya kuitetea Gaza na Palestina. Refarii wa mechi akamkataza.

Usman Khawaja wa Australia, Desemba 2023, Perth, wanacheza na Pakistan, na yeye kazaliwa Islamabad. Kaandika kwenye viatu vya mazoezi kwamba maisha yote ni sawa na uhuru ni haki ya binadamu. ICC, baraza la kriketi la dunia, wakamzuia. Akavaa kitambaa cheusi mkononi, wakampa karipio. Mechi iliyofuata, Melbourne, akaomba kubandika picha ya njiwa mwenye tawi la mzeituni, wakamkatalia na hiyo.

Sasa tazameni upande wa pili. Machi 2019, Ranchi, baada ya shambulio la Pulwama, Kashmir, lililoua askari wa India, timu nzima ya India iliingia uwanjani na kofia za rangi za jeshi dhidi ya Australia. ICC walisema waliombwa ruhusa na wakaitoa, kwa kuwa ilikuwa ni kuchangia familia za marehemu. Kofia ya jeshi imepita, njiwa hakupita. Mimi hili linaniumiza kuliko mikono kunyimwa.

---

MtoWaRuvu, 30 Septemba

Nyuzi, ila mwaka huohuo wa 2019 Dhoni wa India aliweka alama ya kikosi cha jeshi kwenye glavu zake Kombe la Dunia, na ICC wakamwambia aitoe. Hawakuwaachia kila kitu.

---

Nyuzi_za_Dole, 30 Septemba

Ni kweli, glavu zilikataliwa. Lakini ndiyo hoja yangu hiyo. Kanuni ya mavazi ni moja, inasema ujumbe wa siasa hauruhusiwi, halafu kila kesi inaamuliwa kivyake. Mchezaji hajui mpaka uko wapi mpaka atozwe faini.

---

Mswahili_wa_Deira (Dubai), 1 Oktoba

Habari zenu. Niko huku huku yalikotokea. Mimi ni Mtanga, nafanya kazi ya ghala, chumba tunalala mchanganyiko: wawili wa Kerala, mmoja wa Lucknow, wawili wa Peshawar na mimi.

Tarehe 21 tuliangalia wote kwenye simu moja tuliyoiegemeza kwenye birika, maana luninga ya ukumbini ilikuwa imejaa. Sahibzada Farhan wa Pakistan alipofika 50 akakamata bati lake la kriketi kama bunduki na kuielekeza kwenye kambi yao, yule wa Lucknow akanyamaza kimya. Mpeshawar mmoja akacheka, akasema kwao Wapathani kwenye harusi watu hufyatua bunduki, ni shangwe. Mwenzake, wa Peshawar vilevile, akamkatiza: "Leo si harusi, acha."

Halafu Haris Rauf wa Pakistan yuko ukingoni, mashabiki wa India wanamwimbia "Kohli, Kohli" kumkumbusha zile sita mbili alizopigwa na Kohli wa India kule Melbourne 2022. Akawaonyesha vidole, 6 kwa 0, na mkono kama ndege inayoanguka. Hapo wote tulielewa. Pakistan wanadai waliangusha ndege 6 za India mwezi Mei. India wana hesabu yao tofauti kabisa. Yule wa Lucknow ana kaka yake jeshini. Alitoka nje akaenda kuvuta sigara.

Kesho yake asubuhi tulipanda basi moja kwenda kazini, chapati zikagawanywa kama kawaida. Hawa ndio watu wanaolipia tiketi. Kombe lenyewe linachezwa huku Uarabuni kwa sababu wale wawili hawawezi kutembeleana, na wao wanakaa chumba kimoja.

---

Mzee_Kilindoni, 1 Oktoba

Nimekusoma mwanangu wa Deira. Ahsante.

---

BintMuttrah (Muscat), 1 Oktoba

Assalaam alaykum jamaa. Mnasahau na Oman tulikuwemo, kundi moja na wao.

Tarehe 19 Abu Dhabi tulicheza na India. Tulifungwa kwa mikimbio 21 tu, na tuliwatoa jasho. Aamir Kaleem, umri miaka 43, alipiga 64. Kazaliwa Karachi. Nahodha wetu Jatinder Singh kazaliwa Ludhiana, Punjab ya India. Wote wawili wamevaa jezi moja. Baada ya mechi Suryakumar alikaa na wachezaji wetu akizungumza nao, wamemzunguka, wanacheka, na waliozaliwa Pakistan wamo humohumo.

Sasa niambieni. Kama ni uchungu wa moyo, mtu wa Karachi ni mtu wa Karachi hata akivaa nyekundu ya Oman. Kumbe kinachokataliwa ni jezi na bendera. Hapo nakubaliana na MtoWaRuvu, hili limepangwa mahali.

---

Kidagaa_wa_Kirumba, 1 Oktoba

Dada, mimi nalisoma kinyume chako. Kama angemnyima mkono hata mzaliwa wa Karachi anayechezea Oman, hiyo ingekuwa chuki ya watu. Kuinyima jezi maana yake anasema na dola ile, si na mtu. Hiyo ndiyo tofauti anayotaka kuionyesha.

---

BintMuttrah, 1 Oktoba

Salman Agha, nahodha wa Pakistan, aliyesimama pale na mkono wake si dola. Ni mtu.

---

Hesabu_Kamili (Arusha), 2 Oktoba

Wakuu mnazunguka. Fuateni pesa.

Kwenye mgao wa ICC wa 2024 hadi 2027 kama ulivyoripotiwa, India peke yake inachukua takriban asilimia 38.5. Pakistan haifiki hata asilimia 6. Mwenyekiti wa ICC tangu Desemba 2024 ni Jay Shah, baba yake Amit Shah ni waziri wa mambo ya ndani wa India. Naqvi naye ni waziri wa mambo ya ndani wa Pakistan. Yaani wizara mbili za ndani, zile zenye polisi na usalama, zimekaa kwenye meza za kriketi. Halafu mnauliza amri ilitoka wapi.

Na oneni: hawakugoma kucheza. Wakongwe wa India waligoma kucheza na wakongwe wa Pakistan kule Birmingham mwezi Julai, mechi ikafutwa. Kwa nini Kombe la Asia wasigome? Kwa sababu haki za matangazo za India na Pakistan ndizo zinazolisha mashindano yote. Mechi lazima ichezwe, pesa iingie, na hasira ya watu nyumbani ipozwe kwa kunyimana mkono.

---

Ova_ya_Mwisho, 2 Oktoba

Hesabu, lakini Modi mwenyewe aliandika usiku wa fainali akiilinganisha na Operesheni Sindoor, yale mashambulizi ya India ya mwezi Mei, kwamba uwanjani matokeo ni yaleyale, India imeshinda. Waziri mkuu akishasema hivyo, hiyo ni zaidi ya pesa. Ni kura.

---

Hesabu_Kamili, 2 Oktoba

Kura na pesa zinalala kitanda kimoja mkuu.

---

Shule_ya_Msingi (Morogoro), 3 Oktoba

Mimi si mtu wa kriketi, nimeingia kwa sababu ya neno moja la MtoWaRuvu: kumbebesha mchezaji. Tunaye wetu aliyebebeshwa.

Filbert Bayi. Christchurch, Februari 1974, Michezo ya Jumuiya ya Madola, mita 1500. Aliongoza toka mwanzo hadi mwisho, 3:32.2, rekodi ya dunia. Nyuma yake John Walker wa New Zealand, naye aliivunja rekodi ya zamani lakini ni wa pili. Dunia nzima ikasubiri warudiane Olimpiki ya Montreal 1976. Tanzania ikasusia, pamoja na nchi nyingi za Afrika, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Walker akachukua dhahabu bila Bayi.

Mimi naona Tanzania ilifanya sawa, na ningeifanya tena. Lakini gharama haikulipwa na serikali. Ililipwa na kijana mmoja kwa miguu yake.

---

Mzee_Kilindoni, 3 Oktoba

Nililia 1976, wallahi. Redio tumeiweka mezani, tunajua tarehe ya mbio, tunajua hayupo. Ila tulielewa. Mwalimu alikuwa ameshatueleza kuhusu makaburu miaka na miaka. Hakuna aliyekwenda kwa Bayi kumwambia msaliti wala shujaa.

Na 1980 Moscow alipata fedha, mita 3000 kuruka viunzi na maji. Suleiman Nyambui fedha ya mita 5000. Mwaka ule Wakenya ndio hawakwenda.

---

Ova_ya_Mwisho, 3 Oktoba

Ni kweli mzee, Kenya tulikosa zote mbili, 76 na 80. Kizazi kizima cha wakimbiaji kilipotea hapo katikati, na Henry Rono alikuwa kwenye ubora ambao sijauona tena.

Sasa nichomeke la wetu. Neeraj Chopra wa India na Arshad Nadeem wa Pakistan, warusha mkuki. Paris 2024 Nadeem dhahabu kwa mita 92.97, Chopra fedha. Mama yake Chopra akasema aliyeshinda naye ni mwanawe. Mwaka huu Chopra aliandaa mashindano yake Bengaluru na alimpelekea Nadeem mwaliko. Baada ya Pahalgam watu walimshambulia mtandaoni yeye na familia yake mpaka akalazimika kutoa maelezo kwamba mwaliko ulitangulia mauaji. Nadeem hakwenda. Mwishowe Chopra akawa wa kwanza, na wa pili nani? Julius Yego wetu.

Mtu ambaye hakufanya ishara yoyote, kaalika tu mwenzake, kaadhibiwa na umma. Kwa hiyo Suryakumar alijua nini kinamsubiri. Narudi kwenye simu.

---

Nyuzi_za_Dole, 16 Oktoba

Juzi nimeona wale vijana wa hoki, India na Pakistan, mashindano ya Johor Malaysia. Wamegongana viganja wote kabla ya mechi, mmoja baada ya mwingine. Nchi ileile, mwezi mmoja tu umepita. MtoWaRuvu, kama ni amri ya serikali, ya hoki imesahaulika?

---

MtoWaRuvu, 16 Oktoba

Hoki haina watazamaji wale. Ambako kamera hazijai, amri haiji. Na wanawake wa kriketi walipokutana Colombo tarehe 5, Kombe la Dunia, manahodha Harmanpreet Kaur wa India na Fatima Sana wa Pakistan hawakupeana mikono wakati wa kurusha shilingi. Wale hawakuwa na ugomvi wowote wa Dubai. Hilo kwangu limefunga mjadala.

---

Kidagaa_wa_Kirumba, 16 Oktoba

Limekufungia wewe 😄

---

Hesabu_Kamili, 5 Novemba

Hukumu za ICC zimetoka jana, naziweka kwa wanaofuatilia. Suryakumar: faini asilimia 30 ya posho ya mechi na pointi 2 za adhabu, kwa maneno yake ya tarehe 14. Farhan: onyo na pointi 1. Bumrah wa India, aliyemwonyesha Rauf ndege inayoanguka baada ya kumng'oa wiketi kwenye fainali: onyo na pointi 1. Arshdeep Singh, naye wa India: hana hatia. Rauf: faini mara mbili, pointi zimefika 4, amefungiwa mechi mbili za siku moja.

---

Mswahili_wa_Deira, 5 Novemba

Rauf alishafungiwa tangu Septemba lakini?

---

Hesabu_Kamili, 5 Novemba

Hapana mkuu. Septemba ilikuwa faini ya ile tarehe 21 tu. Kufungiwa kumekuja baada ya kosa la fainali kuongezwa. Anakosa mechi na Afrika Kusini, jana tarehe 4 na kesho tarehe 6, Faisalabad.

---

BintMuttrah, 5 Novemba

Kwa hiyo ndege ya Rauf ni faini na kufungiwa, ndege ya Bumrah ni onyo. Na kumnyima mtu mkono hakuna kanuni kabisa, maana dibaji ya sheria za kriketi inataja heshima kwa mpinzani lakini haina adhabu. Nyuzi alilisema hili tangu mwanzo.

---

Kidagaa_wa_Kirumba, 5 Novemba

Rauf alifanya mara mbili, na mara ya kwanza kwa mashabiki. Bumrah mara moja. Adhabu haziwezi kulingana dada yangu.

---

Nyuzi_za_Dole, 7 Novemba

Jana Faisalabad, Quinton de Kock kapiga 123 bila kutolewa, Afrika Kusini wamewala Pakistan kwa wiketi 8. Nimemwangalia nikakumbuka uzi huu. Oktoba 2021, hapohapo Dubai, bodi yao iliwaagiza wachezaji wote wapige goti kupinga ubaguzi, agizo likaja asubuhi ya mechi na West Indies. De Kock akajitoa kikosini. Siku mbili baadaye akaomba radhi, akaeleza kwamba kilichomkwaza ni kulazimishwa, na mechi iliyofuata Sharjah akapiga goti na wenzake.

MtoWaRuvu, umeuliza kama inawezekana kumi na moja kwa pamoja bila mmoja kwenda kinyume. Pale amri ilikuwepo, imeandikwa, na mmoja akatoka. Kwa India hakutoka hata mmoja.

---

MtoWaRuvu, 7 Novemba

De Kock alijua akirudi nyumbani atakuta nusu ya nchi iko upande wake. Nitajie Mhindi mmoja kwenye kikosi kile ambaye angekuta hata robo.